Kahawa Iliyopita Mikononi Mwake

Kwenye harusi, yule mfanya kiinimacho mwenye koti kuukuu la Keya, jeshi la wakoloni, hakuwaendea wanaocheka. Alitafuta mikono iliyojikunja mapajani. Safari hii, kule Buganguzi, ilikuwa ya Shamsia, mama wa bibi harusi, ambaye binti yake alikuwa anapelekwa Kemondo. Akachuchumaa mbele yake, akaipoteza kiganjani punje ya kahawa ya kutafuna, ile wanayokaribishiwa wageni. Alipoona machozi yanamlenga Shamsia, aliiachia makusudi ikadondoka.

“Nimekukamata!” Shamsia akaangua kicheko.

“Umenikamata, mama. Haya, itafune.” Akaiokota, akamnyooshea.

Kicheko kikakatika, mkono wa Shamsia ukarudi nyuma. Kahawa iliyopita mikononi mwake watu waliiogopa kama uchawi. Mfanya kiinimacho akatabasamu kana kwamba hakuona, akaitafuna mwenyewe, kama kwenye kila harusi.