Beki Aliyekwenda Kalehe Kuuliza

Cirhuza Aloys hakuwa beki mwenye mbio. Watu wa Kadutu waliomwona akicheza miaka ya mwanzo ya Zaïre wanakubaliana juu ya hilo, hata wale waliompenda. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, mzaliwa wa Mudaka. Mchana alipakua magome ya kwinini kwenye malori ya kiwanda, na jioni alifanya mazoezi na timu ya mtaa iliyoitwa Etoile. Jina la Aloys alilipata kwa ubatizo. Mwaka 1972, serikali ilipokataza majina ya Kikristo, kwenye karatasi za timu alibaki citoyen, yaani raia, Cirhuza tu. Nyumbani mkewe Domitille aliendelea kumwita Aloys: kwa sauti ya chini dirisha likiwa wazi, na kwa sauti ya kawaida likiwa limefungwa.

Mengi ya haya nimeyapata kwa Domitille. Mimi nilimjua Cirhuza baadaye, akiwa tayari kocha, nami nilikuwa nikijiuliza: mtu aliyepitwa uwanjani mbele ya mji mzima aliwezaje kuwafundisha wengine kuzuia?

Jibu linaanzia Jumapili moja ya mwaka 1973, Etoile walipocheza na timu ya Kalehe. Winga wa Kalehe aliitwa Philémon, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Alimpita Cirhuza mara ya kwanza watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Akampita tena. Alipompita mara ya tatu, mashabiki wa Kadutu wenyewe wakacheka. Mabao matatu kwa bila. Watu waliondoka uwanjani wakisema Cirhuza amelogwa, na wengine wakasema hapana, amezeeka tu.

Wachezaji wenzake hawakutaka hata kulisikia jina la Philémon. Cirhuza alibeba magunia ya magome wiki nzima akiwa na swali moja kichwani. Jumamosi akavaa shati safi.

"Unaenda kumupiga?" Domitille akamuuliza.

"Naenda kumuuliza."

Akapanda lori la kwenda Kalehe. Alimkuta Philémon barazani kwake, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Mguu ukasimama.

"Weye ndio beki ya Etoile."

"Ndiyo, ni miye."

"Unakuja kutafuta matata?"

"Hapana, ndugu yangu. Siku ile ulinipita mara tatu. Ulijua namna gani fasi nitaenda?"

Philémon alichungulia barabarani kuona kama kuna wengine waliomfuata. Alipoona hakuna mtu, akaangua kicheko. "Mutu anakuja kuuliza mwizi namna ya kufungua mulango!"

"Mulango ulishafungua. Nataka tu kujua uliingilia wapi."

Mke wa Philémon, Bibiane, alileta kiti na sahani ya viazi vitamu. Wakala. Kisha Philémon akainuka, akachukua mpira uliofumwa kwa mabaki ya vitambaa, akamwambia mgeni asimame katikati ya ua. Akamjia taratibu na mpira mguuni, halafu akasimama ghafla.

"Ona sasa. Mbele ya kunirukia, unavuta pumzi. Mabega inapanda. Miye sina kazi ingine, nangojea tu mabega. Ikipanda, napita."

Cirhuza hakuamini. Wakarudia. Bibiane akapaza sauti mlangoni: "Inapanda, papa! Kama mutu anataka kubeba ndoo ya maji!"

Wakarudia tena na tena, mpaka Cirhuza mwenyewe akayahisi mabega yake. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kuambiwa una kovu mgongoni tangu utotoni. Kabla ya kuondoka, naye alilipa alichopewa.

"Weye pia kuko kitu nilionaka. Ukitaka kupiga goli, unaangalia kwanza mguu yako ya kushoto. Kila mara."

Philémon akauangalia mguu wake. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Timu hizo zilirudiana mwaka uliofuata. Cirhuza alitoa pumzi kila Philémon alipomkaribia, mabega yakakaa mahali pake. Philémon alimpita mara moja tu, na mara hiyo hakuangalia mguu. Akafunga. Etoile nao wakapata bao moja, mchezo ukaisha sare, na wawili hao wakatoka uwanjani bega kwa bega wakizungumza, jambo lililowaudhi watu wa pande zote mbili.

Mwezi wa sita mwaka huohuo, nchi nzima ilisikiliza redio. Léopards, timu ya taifa, walikuwa Ujerumani kwenye Kombe la Dunia, na Yugoslavia ikawafunga tisa. Mbele ya duka moja la Kadutu watu walianza kuondoka bao la sita lilipoingia. Mmoja alitaka kuipiga redio teke. Cirhuza alikuwa ameinamisha sikio.

"Mabeki walisimama wapi?" akauliza.

"Nyamaza, Cirhuza!"

"Siwalaumu. Nataka kuona tu."

Muzee Léopold, prezida wa Etoile, alikuwa hapo. Alimtazama Cirhuza kwa muda mrefu.

Mwaka 1976, siku ya mvua, goti la kulia la Cirhuza liligeuka kwenye matope. Daktari akamwambia mpira umekwisha. Alitembea na fimbo miezi miwili, hana raha, akigombana na Domitille kwa mambo ya bure. Ndipo Muzee Léopold alipokuja nyumbani na kumkabidhi mabeki wa Etoile awafundishe.

Siku ya kwanza hakuwapeleka uwanjani. Aliwapeleka wote wanne soko la Kadutu, chini ya njia ya mteremko ambako watu hushuka na mizigo kichwani na mgongoni, wakipishana kwa nafasi ya kiganja.

"Kaeni hapa. Mutu akishuka, muniambie atapita upande gani, mbele hajapita."

Walikosea asubuhi nzima. Waliangalia macho, wakakosea. Waliangalia miguu, wakachelewa. Mwishowe Modeste, beki wa kati, akasema: "Ni kiuno, entraîneur. Kichwa iko na mizigo, haisemi kitu. Kiuno ndio inageuka ya kwanza."

Wakarudi siku ya pili, na ya tatu. Muuza ndizi mmoja aliwadhania wezi, akawafukuza kwa makelele, na habari ikafika kwenye komite.

"Citoyen Cirhuza," Muzee Léopold akamwambia, "tulikupatia mabeki, weye unawapeleka soko."

"Papa prezida, kwenye kiwanja mupira inawashika macho. Soko haina mupira. Wanabaki kuona mutu."

"Na tukipigwa?"

"Tutauliza juu ya nini tulipigwa."

Walipigwa kweli, mechi mbili za kwanza. Ya tatu hawakufungwa, wala ya nne. Msimu ulipoisha, komite haikuuliza tena habari za soko. Cirhuza yeye akaomba jingine: alitaka Philémon aje kufundisha washambuliaji. Mtu wa Kalehe! Walibishana mwaka mzima kabla ya kukubali. Philémon alihamia Kadutu na Bibiane na cherehani yake, akafungua chumba cha ushonaji kando ya mteremko. Kila jioni makocha hao wawili walisimama kando ya uwanja wakipingana, na wachezaji walikuwa wakipunguza kelele makusudi ili wawasikie.

Mwaka 1981 Etoile walifika fainali ya mkoa wa Kivu, dhidi ya timu kutoka Goma. Ilikuwa bila kwa bila hadi dakika tano za mwisho. Mshambuliaji mmoja akaingia na mpira, Modeste akajitupa kumkinga, mpira ukamgonga gotini na kuingia kwenye goli lake mwenyewe. Moja kwa bila, ikaisha.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, Modeste alijifunika kichwa kwa jezi. Hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Cirhuza akakaa, akanyoosha goti lake bovu.

"Uliona nini?"

Cirhuza akangoja.

"Niliona kiuno yake inageuka kushoto," Modeste akasema ndani ya jezi. "Nikaenda kushoto."

"Na yeye?"

"Aliteleza. Iligeuka juu ya kuteleza. Haiko juu ya kutaka."

Cirhuza akainua kichwa. "Philémon, kuya usikie hii! Mutu mwenye kuteleza. Hatukumufikiriaka hata siku moja."

Philémon akasogea. Modeste akaivua jezi usoni. Akachukua viatu viwili, akavipanga sakafuni, kimoja yeye, kimoja yule wa Goma, akaanza kuwaonyesha. Wenzake wakakaribia mmoja mmoja, wakainama. Dereva wa lori la kuwarudisha nyumbani alipiga honi nje mara tatu, na hakuna aliyetoka.