Mama Vitumbua wa Kivinje na Safari ya Nyangamara

Saa kumi na mbili asubuhi. Jua halijavuka mikoko ya Kilwa Kivinje, lakini moto wa Mastura binti Ahmadi umeshakolea. Amekaa juu ya kibao, kikaango mbele yake, anageuza vitumbua kwa kijiti, kimoja kimoja, bila haraka.

Mwanamume mwenye vumbi hadi magotini anasita mbele ya baraza. Ametembea siku mbili kutoka milima ya Umatumbi. Mkewe amelazwa katika hospitali iliyo upande wa pili wa njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona wanisimamia njiani? Panda ukae."

Anampa uji katika kikombe cha bati na vitumbua viwili juu ya kisahani, kisha anamuuliza hali ya mgonjwa kwa Kimatumbi cha kuungaunga. Mgeni anashindwa kujizuia, anacheka.

"Cheka tu," Mastura anamwambia. "Na mimi nikikusikia Kiswahili chako nitacheka."

Kwa siku huuza vitumbua kama mia moja, viwili kwa senti tano. Anayeuguza mtu wake hospitalini halipi siku ya kwanza. "Siku ya pili tutajuana," anasema.

Mama huyu wa miaka arobaini na miwili hakuwa hivi zamani, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema.

"Nilikuwa na vikombe sita, vya watu wa mji. Mtu wa bara akija, nilimtilia uji katika kifuu cha nazi, akanywe kule chini. Sikuona ubaya. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia."

Masika ya mwaka 1949, miaka michache iliyopita, ndiyo yaliyomtoa Kivinje kwa mara ya kwanza. Mumewe, Bakari, fundi seremala, alikuwa amekwenda Nyangamara kutengeneza milango ya duka la mfanyabiashara mmoja. Miezi miwili ikapita kimya. Kisha ikaja barua iliyoandikwa na mwalimu wa huko: Bakari ana homa kali, hatambui watu. Mkewe aje upesi akitaka kumkuta.

Mastura alifunga kanga mbili na mchele kidogo, akapanda lori la kwenda Lindi. Mto Mbwemkuru ulikuwa umefurika. Wakalala ng'ambo ya huku siku tatu. Abiria wa bara waliokuwa na muhogo waligawa kwa wote. Yeye alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikula.

Kutoka Lindi alipata lori jingine hadi Mtama. Kutoka hapo ilikuwa miguu, na mvua haikumwonea huruma. Alasiri aliona mwanamke amejifunika jani la mgomba kichwani, amesimama pale njia inapochepuka.

"Wewe ndiye mke wa fundi?" mwanamke yule aliuliza.

"Ndimi. Mume wangu yu hai?"

"Yu hai. Mimi naitwa Natalia. Leo siku ya nne nakungoja hapa. Nilisema mtu wa pwani atapotea." Akamtua furushi, akalibeba mwenyewe.

Natalia na mumewe, Valentini, walikuwa wakulima wa Kimakonde, Wakristo. Bakari alikuwa ameanguka karibu na shamba lao. Mastura alimkuta amelala juu ya kitanda pekee cha nyumba ile, mifupa mitupu. Wenyewe walikuwa wakilala chini na watoto watatu.

"Nilikaa nikawaza, hapa nitakula nini?" Mastura anakumbuka. "Vyungu vyao nitavijuaje? Na njaa ilikuwa inaniuma."

Natalia alikuwa ameliwaza hilo mapema. Alimwekea ugali na kuku, akachuchumaa kando yake.

"Kula, dada. Chungu ni kipya, nimekinunua kwa ajili yenu. Kuku amechinjwa na Abilahi, jirani yetu, Mwislamu kama ninyi."

Maji alimpa katika kikombe cha bati. Mastura akatazama huku na huku: Valentini na watoto walikuwa wakinywea vibuyu. Kikombe kilikuwa kimoja tu.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Akamweleza Natalia habari ya vifuu vyake, yote, bila kuficha.

Natalia akauliza, "Uji wenyewe ulikuwa na sukari?"

"Ulikuwa nayo."

"Basi. Wengine hata huo hawatupi." Akacheka, na Mastura akacheka huku analia.

Homa ya Bakari ilishuka siku ya tisa. Baada ya siku ishirini na tatu, Valentini na wenzake watatu walimbeba kwa machela hadi Mtama. Mastura alipovua bangili yake ya fedha ampe Natalia, alirudishiwa mkononi. "Wanivalisha bangili ya fedha, nikalimie?"

Aliporudi Kivinje, vikombe vyote vikawa vya watu wote. Wateja kadhaa walihama. Siti, jirani yake wa miaka mingi, hakukanyaga barazani mwaka mzima.

"Nilijua nitarudi," anasema Siti, ambaye asubuhi hii anakuna nazi pale pale. "Vitumbua vya wengine vinanuka moshi."

Tangu homa ile Bakari hutembea kwa kuchechemea, lakini mikono yake ni mizima. Nyuma ya nyumba ameshasimamisha nguzo kumi na mbili. Kufikia vuli, Mungu akipenda, patakuwa na banda la vitanda sita kwa wanaouguza, ambao sasa hulala chini ya miti ya hospitali.

Wageni wa kwanza wa banda hilo wameshajulikana. Mastura anafuta mikono, anaingia ndani, anarudi na barua aliyoandikiwa mwezi uliopita. Anamtaka mwandishi wa habari hii aisome kwa sauti, ingawa ni wazi ameshasomewa mara nyingi.

Natalia anasema wakimaliza kuvuna korosho, yeye na Valentini watakuja. Hajapata kuiona bahari. Anauliza kama ni kweli maji hayo huondoka kila siku na kurudi yenyewe, na kama ni kweli, nani anayeyaita.

"Umemjibu nini?" mwandishi anauliza.

"Nimwambie nini mimi? Nimezaliwa hapa na sijapata kujiuliza." Mastura anaikunja barua taratibu, anaipachika kwenye mkunjo wa kanga. "Nimemjibu aje, tukae ufukoni tuyatazame pamoja."