Ramani mpya ya ambulansi ilivyotutuma kijiji ambacho hakipo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Hiki ninachoandika sikusimuliwa, nilikuwepo kitini, headset masikioni. Asiyeamini apite tu, tusigombane.

Mimi ni dada napokea simu za dharura huku Kilifi. Mtu akipiga, kazi yangu ni kumtuliza, kujua aliko, kisha kutuma gari.

Zamani kujua aliko mtu yalikuwa maongezi marefu. "Ukimpita muuza mnazi pinda, utaona mbuzi mweupe kafungwa." Na mbuzi ana miguu, jamani.

Basi tukaletewa ramani mpya.

Vijana kutoka Nairobi walizunguka vijijini na tablet. Wakimkuta mtu njiani, "Hapa panaitwaje?" Wanaandika jibu, wanabonyeza, wanasonga mbele. Injinia wao akatuambia data sasa ni safi, tuandike jina tu na gari litaonyeshwa njia. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi kwa sababu kulikuwa na biriani.

Wiki hiyohiyo, mchana, ikaingia simu. Msichana analia. Dada yake ana uchungu wa mtoto wa kwanza, chupa imepasuka tangu alfajiri, na sasa damu inatoka.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Simanya!"

Nikaandika. System ikaniletea Simanya A, Simanya B, Simanya C, na nyingine chini yake. Nikasema moyoni, ama kweli hii ni data.

"Simanya gani, mwanangu?"

"Simanya mino!"

Simanya Mino haikuwemo. Injinia, aliyekuwa kasimama nyuma yangu, akasema simu inatokea upande wa Jilore, kwa hiyo tuchukue Simanya B. Nikamtuma dereva wetu, Kazungu. Yeye kwenye gari aliona njia tu, jina hakuliona.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kigiriama changu kinaishia kwenye salamu. Msinicheke bado.

Kazungu akafika, akaniita redioni. "Dada, hapa pana zizi la mbuzi na mzee mmoja kalala. Mmesema panaitwaje?"

"Simanya."

Nikasikia mtu anacheka mpaka anapaliwa.

"Dada! Simanya ni 'sijui'! Huyo mtoto anakwambia hajui! Na hiyo mino ni 'mimi'!"

Kumbe wale vijana walikuwa wanauliza wapita njia, na kila aliyejibu kuwa hajui walimwandikia kijiji. Injinia akavua miwani akaanza kuipangusa, na haikuwa na vumbi.

Ningecheka, wakuu, lakini kule kwenye simu mtu alikuwa anapiga ukelele. Niliogopa.

Nikamrudia yule msichana polepole. Ni mgeni, katoka Mariakani jana kumtazama dada yake, na boda ilimshusha mlangoni.

Unaona nini hapo? Mahindi. Na upande wa pili? Mahindi. Kazungu anamuuliza kupitia kwangu, Injinia anamuuliza juu ya bega langu, mimi namuuliza. Ofisi nzima inamhoji mgeni.

Mara simu ikapokonywa. Ikaja sauti nyingine, inahema.

"Nyinyi! Mbona mimi hamniulizi? Mwenye nyumba ni mimi! Nazaa, sijafa! Hapa ni Kwa Dena, nyuma ya kinu cha kusaga!"

Nikawahi kusema "Samahani, mama" tu. Kazungu alikuwa keshawasha king'ora. Kwa Dena anapajua, na hakuwa mbali.

Alijifungua hospitali, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Nilipopewa habari nililia palepale mezani, na sioni haya kusema.

Ramani inarekebishwa. Safari hii vijana wameambiwa wabishe hodi, wakae, wamuulize mwenyeji.

Nami nimejifunza langu. Sisi sote tulikuwa tunamtafuta yule mama, na hakuna aliyefikiri kuongea naye. Siku hizi ikija simu ya uzazi, swali langu la kwanza ni, "Mama mwenyewe anaweza kushika simu?"

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mnamwelekezaje mgeni? Mwageni hapa, ila matusi ya Injinia nimeshayamaliza mimi.