Kompyuta Iliyokataa Kukaa Macho

Binti yangu wa kwanza ana jina zuri alilopewa na bibi yake, lakini hapa nyumbani hakuna anayelitumia. Tunamwita Bisibisi. Hajaanza hata shule, alilegeza skrubu za kitanda cha wageni kwa mpini wa kijiko, na usiku huo shangazi yake akashuka nacho mpaka sakafuni. Shangazi aliinuka akishika kiuno, akasema, "Huyu hamkuzaa mtoto, mmezaa bisibisi." Jina likaganda.

Alikua, akasoma, akawa mchoraji wa ramani za nyumba. Mtu akitaka kujenga, yeye ndiye humwonyesha kwenye kompyuta mlango utakaa wapi na ngazi itapandaje. Kazi hiyo aliifanya katika ofisi moja mpaka ofisi ikafungwa. Siku aliyorudi na kikombe chake cha chai na rula zake ndani ya mfuko, alinisalimia vizuri tu, akaingia chumbani, akavua ndala, akalala akiutazama ukuta. Nikasema ni uchovu. Kesho yake akautazama tena. Wiki zikapita hivyo, mimi napeleka sahani imejaa, narudi nayo nusu. Mtoto akishakuwa mtu mzima hakwambii kitu. Mimi wangu nilikuwa namsoma kwa sahani.

Kwa hiyo siku alipotoka chumbani akasema anataka kuunda kompyuta yake mwenyewe, sikuuliza kompyuta huundwaje. Mkandarasi mmoja alikuwa amempa kazi ya kumjaribu: achore ramani ya zahanati ndogo, aitume kabla ya Jumatatu asubuhi. Ikimridhisha, atakuwa anachora akiwa hapa hapa nyumbani. Akaanza kununua vifaa kimoja kimoja, na sahani zikaanza kurudi tupu. Nilizipanga kabatini kwa uangalifu kama mtu aliyeokota kitu na hataki mwenyewe asikie.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu nyumba yetu. Mume wangu alikuwa mtunza stoo maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu stoo ilimfuata nyumbani. Kwake yeye, kitu kikishavuliwa nailoni yake kimekuwa mtumba. Makochi yetu yana nailoni. Ukikaa yanalia, ukiinuka yanakung'ang'ania mapaja. Rimoti ina nailoni. Mlango wa friji una nailoni iliyogeuka rangi ya chai. Nilipoolewa nilicheka. Siku hizi mimi ndiye mkali kuliko yeye.

Jumamosi asubuhi kompyuta ilikuwa tayari. Kasha jeusi lilisimama juu ya meza ya sebuleni, uso wake bado una nailoni unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Bisibisi akatuita. Akabonyeza kitufe cha mbele. Feni zikazunguka, taa ya buluu ikawaka, nami nikapiga kigelegele. Kigelegele hakijaisha, kompyuta ikazima.

"Umeitisha, Mama Bisibisi," mume wangu akasema.

"Labda ni waya," Bisibisi akasema. Akasubiri, akawasha tena. Feni, taa, halafu kimya. Akawasha tena. Ilikuwa kama mtu unayemwamsha, anafungua macho, anakutazama, anayafumba.

Akafungua ubavu wa kasha. Akachomoa vijiti vya kumbukumbu, akavipangusa, akavirudisha mpaka vikalia ka! Ikazima. Akafuata nyaya za umeme moja baada ya moja kwa kidole. Ikazima. Akasema huenda ule moyo wa kompyuta unapata joto na kujizima ili usiungue, akang'oa feni inayoupoza, akafuta ile dawa nyeupe inayopitisha joto, akapaka nyingine taratibu. Jasho lilikuwa linamdondoka puani. Ikazima.

Akampigia simu muuza vifaa, akaweka sauti kubwa ili mikono yake ibaki huru.

"Dada, vifaa vyangu vimetoka hapa vizima," yule kijana akasema. "Labda mkono ndio mgeni."

"Mkono wangu?"

"Sijasema mbaya, nimesema mgeni. Mwite fundi wa kiume aiangalie."

"Na huyo fundi wa kiume anaishikaje, kwa ndevu?"

Akakata simu. Mume wangu akacheka, mimi sikucheka, maana nilikuwa namwangalia mwanangu usoni. Hasira ilikuwa imekaa hapo kidogo tu, kisha ikaondoka, na kilichokuja baada yake nilikuwa nakijua. Macho yakaenda kwenye mlango wa chumba chake.

"Baba," akasema, "virudishe dukani. Vyote."

"Na zahanati ya watu?" nikauliza.

"Atachora mwingine, mama."

Akaingia chumbani. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kuvua ndala, akaziweka sawasawa chini. Nje jua lilikuwa linawaka, majirani wanaanika nguo, na mwanangu anavua ndala.

Sebuleni mume wangu alikuwa ameshaleta maboksi, tena kwa furaha fulani iliyoniudhi, kwa sababu maboksi yote yalikuwepo na nailoni zake zimekunjwa ndani. Ghafla akasimama.

"Bisibisi! Kilichokufa ni kipi?"

"Sijui, baba."

"Nitakwenda kumwambia yule mwenye mdomo kwamba sijui? Stoo hairudishi kitu bila kusema kimekufa wapi. Njoo unionyeshe maiti."

"Niache, baba."

"Sikuachi. Miaka yote ile sijapokea 'sijui', siipokei leo nyumbani kwangu."

Nilitaka kumfinya. Nilimkonyeza, nikamfanyia ishara kwa mkono kwamba anyamaze, akanitazama kama hanijui. Akaita mara ya tatu, kwa ile sauti ya kuita vibarua. Kitanda kikalia. Bisibisi akatoka peku, uso umevimba, si kwa sababu ameamini, ila ili baba yake anyamaze.

Akatoa kila kitu ndani ya kasha. Kasha tupu akalisukuma pembeni, ule ubao mkuu wenye vifaa vyote akaulaza juu ya boksi lake la karatasi, akaunganisha umeme. Sasa kitufe hakikuwepo, kimebaki na kasha lake. Akainama, akapeleka ncha ya bisibisi kwenye vipini viwili vidogo vya ubaoni, pale ulipokuwa umechomekwa waya wa kitufe.

"Utakufa!" nikapiga kelele. "Mzee, mshike mtoto!"

"Mama, umeme wa hapa haumuui hata mende."

Akagusisha. Feni zikazunguka. Nikangoja zisimame. Hazikusimama. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maandishi meupe, yakakaa. Bisibisi akanyoosha mgongo polepole, mikono ameiinua kama mtu aliyeweka yai juu ya meza na hataki liviringike.

"Haizimi," akasema.

"Basi maiti ni nani?" baba yake akauliza.

"Vyote vizima. Kilichobaki nje ni kasha."

"Limekufa kasha?"

"Kasha ni bati, baba. Litakufaje?"

Akalibeba mpaka dirishani. Akabonyeza kile kitufe cha mbele, akaondoa kidole. Kitufe kikabaki ndani. Tukakitazama sote watatu. Baada ya muda kikaanza kujirudi kidogo kidogo, kama mvivu anayetoka kitandani.

"Kumbe!" akasema. "Ukikishikilia kitufe hiki, kompyuta inajua unailazimisha kuzima. Zote ziko hivyo. Sasa mimi nabonyeza naachia, chenyewe kinajishikilia." Akapitisha ukucha pembeni ya kitufe, akavuta kitu. Ilikuwa nailoni, imekunjwa na kusukumwa ndani ya ufa, juu yake imebandikwa utepe wa gundi, safi kabisa. "Lakini hapa mimi niliikata jana, ili kitufe kiwe wazi. Nani ameirudisha?"

Mume wangu akanigeukia. Yeye huziheshimu nailoni, lakini hajui kubandika kitu kikakaa sawa.

"Ilikuwa inapepea," nikasema. "Nilikuwa nafuta vumbi asubuhi nikaona imekatwa, inapepea. Nikaichomeka, nikaibandika."

Nilingoja Bisibisi anifokee. Kwa kweli nilitamani anifokee, maana anayefoka hajaenda kulala. Badala yake akashika pembe ya nailoni akaivuta yote, kutoka juu mpaka chini, sauti ikapasua sebule. Mume wangu alifumba macho. Bisibisi akaivingirisha ikawa donge, akaniwekea mkononi.

"Shika, mama. Mtumba huo."

Hakucheka aliposema hivyo. Nami sikujua kama nimesamehewa.

Akarudisha kila kitu ndani ya kasha, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikakaa macho. Ilikaa macho jioni ile yote, na Jumapili kutwa. Zahanati ikasimama kwenye kioo ukuta kwa ukuta. Aliniita mara moja tu kuniuliza kama mwanamke mjamzito angependa choo kiwe mbali na benchi la kusubiri au karibu. Nikamwambia karibu, tena mlango ufunguke kwa nje. Akaugeuza mlango pale pale nikiona.

Ramani imetumwa. Mkandarasi amejibu kwamba ameipata, ataiangalia. Hajasema zaidi, na tangu hapo najipa kazi za karibu na mlango wa chumba cha Bisibisi, ambako kasha limehamia. Nasikia feni zinavuma. Nalala kidogo kwa hizo feni, nakula kwa hizo feni.

Leo mchana zikakatika ghafla. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi; niliinuka na nailoni ikanifuata nusu njia. Nikachukua kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba, nikasukuma mlango.

"Nimeizima mwenyewe, mama," akasema bila kugeuka.

"Sijauliza."

"Umeuliza kwa miguu. Nimesikia kochi mpaka hapa."

Nikaweka chai mezani. Simu yake ilikuwa mbele yake, kioo juu, naye anaitazama. Sikumuuliza kama yule bwana amepiga. Nilijifanya naokota uzi sakafuni, nikainama, nikaangalia chini ya kiti. Ndala alikuwa amezivaa.