Kikombe Juu ya Ramani

Ungemwona jenerali yule akisogeza vikosi kwa kalamu nyekundu huku akipiga mluzi, ungedhani vita kaviumba yeye. Ramani isipeperushwe na feni, aliikandamiza kwa kikombe chake cha chai, siku zote mahali palepale. Aliyemletea habari mbaya, jenerali alimkatiza kwa upole: "Usinitie nuksi asubuhi."

Siku hiyo mtu wa redio aliingia mbio, jasho linamtoka. "Afande, vijana wetu wamekwama kwenye kinamasi. Wanapigwa!"

"Kinamasi gani? Mbona mimi sikioni?"

Mtu wa redio akainua kikombe. Kinamasi kilikuwa chini yake, kikubwa, kimezungukwa na alama ya chai. Jenerali akainama, akatazama vizuri. Akapokea kikombe, akapiga funda moja, akakirudisha palepale.

"Waambie wasonge mbele. Njia nyeupe."