Tiki Kumi na Nane

Mwalimu wa mpwa wangu alimwita mtoto huyo kichwa maji mbele ya darasa zima, nami nimesimama mlangoni. Aliponiona akatabasamu, akanikaribisha ofisini kwa maneno laini kama muuza uturi.

Msichana alikuwa na miaka tisa. Mama yake, dada yangu, hubeba chumvi Marereni kutwa, na mimi, niliyeacha shule darasa la sita na nisiyekaa mahali pamoja hata miezi minne, ndiye niliyekuwa na nafasi. Shule ilitaka kumrudisha gredi ya pili. Hospitali ya Malindi walikuwa wamempima macho na masikio, yote mazima. Kisha daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, akanipa fomu mbili: moja ya nyumbani, moja ya mwalimu.

Nikauliza kwa nini amuulize mwalimu na mtoto yuko mbele yake.

"Hapa ametulia kwa kuwa ni ugenini," alisema. "Mwalimu humwona kila siku, kati ya wenzake. Fomu peke yake haithibitishi kitu, lakini bila hiyo nabahatisha. Ikionyesha shida ya kutulia na kumakinika, nitaiandikia shule abaki darasani kwake na asaidiwe."

Maswali kumi na nane. Huacha kazi bila kuimaliza? Huinuka wakati wa kukaa? Kila swali na majibu manne, kutoka "kamwe" hadi "kila wakati". Mle ofisini mwalimu akatoa rula, akaiweka wima chini ya "kamwe", akateremsha tiki kumi na nane zilizonyooka kama matuta ya mihogo.

"Mwalimu, si sasa hivi umemwita kichwa maji?"

"Hayo ya mdomo, bwana. Ya mdomo huchukuliwa na upepo. Karatasi hubaki. Siwezi kumwandikia mtoto wa watu ubaya. Kesho akitafuta kazi, waikute?"

"Atatafuta kazi kwa fomu ya gredi ya tatu?"

"Wewe hujui mambo ya ofisi."

Nimekaa na wachoma makaa Ganze, nimevuta nyavu Sabaki na watu wasioweza kuandika majina yao. Sijaona kwao woga mchafu kama ule. Muhula mzima kumtukana mtoto na kumchapa, halafu huruma yote aihifadhi kwenye kalamu!

Nilikuwa nimetoa nakala ya pili ya fomu hiyo. Watu wa kalamu siwaamini.

"Basi usiandike," nikamwambia. "Nitakusomea, wewe sema. Tiki nitatia mimi."

"Mwandiko utakuwa wako?"

"Wangu."

Uso ukamchanua. Nikasoma swali la kwanza.

"Huyo? Kumaliza kazi?" Akaegemea kiti. "Hesabu mbili za kwanza sawa kabisa. Ya tatu, ameshakwenda Lamu na kurudi. Andika kila wakati."

"Hupoteza vitu?"

"Penseli nne muhula huu! Muulize ziko wapi. Asubuhi afadhali. Baada ya mapumziko usimhesabu, hayupo."

Wakati huo mtoto alipita dirishani mara tatu, na kengele ya kuingia darasani ilikuwa imeshalia. Mwalimu alimwonyesha kwa kidole, amefurahi, kama shahidi aliyefika kwa wakati. Mwishowe nikamsomea majibu yote, akakubali, akatia sahihi ndogo ambayo hata mamake asingeitambua.

Daktari nilimweleza wazi kwamba tiki ni zangu na maneno ni ya mwalimu. Akampigia mwalimu simu, akamuuliza tena, akalinganisha na fomu ya dada yangu. Zilikubaliana.

"Mwalimu huyu anamfahamu mtoto vizuri sana," akasema, kwa kumsifu.

Mpaka hapo nilimdhania mjinga, na mjinga husamehewa. Kumbe alijua. Alijua hadi hesabu yenyewe na saa yenyewe. Na kwa ujuzi wote huo, kazi yake ilikuwa kumngoja mtoto kwenye hesabu ya tatu akiwa na fimbo.

Barua ya daktari ilisema abaki gredi ya tatu, akae mbele, apewe kazi kidogo kidogo, aruhusiwe kusimama. Niliipeleka Jumatatu. Mwalimu akaisoma mara mbili, akamhamishia mtoto dawati la mbele, akampa hesabu mbili. Akazimaliza. Akampa mbili nyingine. Akazimaliza nazo, akasimama, akazunguka dawati lake, akakaa.

"Umeona?" mwalimu akaninong'oneza, kifua mbele. "Si nilikwambia mimi namjua huyu?"

Nikatoka bila kumuaga.