Fundi wa Lifti Kwenye Kona ya Tatu

Fundi wa lifti amerudi kwenye mbio za vigari vya rimoti baada ya miaka ishirini, na kigari chake ni aibu tupu. Mkono unaoshikilia gurudumu la mbele ameuchonga kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, na bado unanuka kitunguu. Vijana wa hapa Gifu, Japani, wanamcheka: "Mzee, leo tunakimbia au tunapika?" Yeye anapuliza vumbi kwenye gia, anajibu, "Vyote."

Jumapili, kwenye mchujo, alimaliza kwa muda mzuri wa kumwingiza fainali, mara ya kwanza tangu arudi, ilimradi Isozaki, muuza samaki aliyekuwa kundi linalofuata, asimalize kwa muda mfupi zaidi. Na katika mbio hizi, ukishakimbia unabaki uwanjani kuwainulia wenzako vigari vinavyopinduka. Mzunguko wa mwisho, kigari cha Isozaki kikabiringika mpaka miguuni pake. Fundi akakidaka kabla hakijatulia, akakiweka sawa. Isozaki akaupiku muda wake kwa nusu sekunde, akamtoa fainali.

"We mzee!" Tokunaga, aliyesimama naye pale konani, akafoka. "Si ungejikwaa hata kidogo?"

"Sogea, unaniziba," akasema, maana kuna kigari kingine kilikuwa kinakuja kinayumba.